Dawa ya mbu ya asili: uliza inakaa masaa mangapi

Tangu mvua zianze malalamiko yameongezeka, Ahero, Busia, hapa Kisumu mjini, mtu amenunua mafuta ya kufukuza mbu "ya asili kabisa", amempaka mtoto saa moja jioni na ikifika saa nne mbu wanamuuma kama kawaida. Juzi nilinunua chupa moja soko la Kibuye, ilikuwa ya dawa ya kikohozi, imeoshwa tu, karatasi imebandikwa na selotepu: MASAA 12. Nikadondosha tone moja kwa tishu asubuhi, ofisi nzima ikanukia mchaichai, na kabla ya chai ya saa nne harufu ilikuwa imeisha.

Sasa sisemi ati mchaichai ni uongo. Mchaichai, mkaratusi wa limau, hata mwonyi, mmea wa jamii ya kivumbasi ambao wakulima wa kikundi cha Muliru wanalima kando ya msitu wa Kakamega, zinafukuza mbu kweli. Lakini kinachomfukuza ni mvuke, na mvuke ukitoka wote mara moja, baada ya saa moja ama mbili umebaki na mafuta tu kwa ngozi. Ndio maana mtengenezaji anayejua kazi huyafungia ndani ya nta, kitambaa ama vifuko vidogo hata macho hayavioni, yavuje pole pole. Yakivuja pole pole mno pia ni bure, kwa sababu hewani hakuna cha kumsumbua mbu. Halafu kuna joto, kile kinachodumu kwa baridi ya Molo kitaisha mapema Kisumu. Hayo masaa hayakisiwi, yanapimwa.

Na tafadhali, "ni ya asili" si kibali. Chochote kinachouzwa kufukuza wadudu, hata kama ni majani ya shambani kwako, kiko chini ya sheria ya bidhaa za kudhibiti wadudu, Sura ya 346: unaomba usajili PCPB, bodi ya serikali inayosimamia bidhaa hizo, unaeleza kilichomo, kinafanyiwa majaribio hapa Kenya, lebo inakaguliwa, ndio unapata namba ya usajili inayoanza na PCPB(CR), na duka nalo lina leseni yake kando. Ukiuza bila usajili mali inachukuliwa, kortini ni faini ama kifungo. Mnunuzi, tafuta hiyo namba kwa lebo kabla utoe pesa.

Mama mmoja wa Ahero alikuwa ameshatoa neti kwa sababu alinunua mafuta. Mama, irudishe leo leo, mbu wa malaria anauma usiku wa manane mpaka alfajiri, na saa hizo hiyo chupa ilishamaliza kazi kitambo.