Keris haipakwi sumu ili iue mtu

Watu wengi wakiona picha ya keris, lile jambia la Java, kisiwa cha Indonesia, lenye ubapa uliopindapinda kama nyoka anatambaa, wanasema eti limepakwa sumu ya kuulia. Jamani hapana. Aseniki ipo kweli na ni sumu, hilo sibishi, ila kazi yake pale ni nyingine kabisa. Mhunzi anachanganya chuma cha kawaida na chuma chenye nikeli, anagonga, anakunja, anagonga tena, tabaka juu ya tabaka, sasa ubapa ukishasuguliwa kwa ndimu mpaka ukawa mweupe ndo unapakwa maji ya ndimu yenye aseniki, chuma kinageuka cheusi na nikeli inabaki inang'aa kama fedha, mistari inajitokeza kama mafuta yanayoelea juu ya maji. Marembo hayo yanaitwa pamor. Bila hiyo dawa huyaoni vizuri.

Na kuziosha ni heshima kubwa, wengi wanafanya mwezi wa Muharram, Wajava wanauita Suro, maana keris ni pusaka, yani mali ya urithi inayotoka kwa babu kwenda kwa mjukuu. UNESCO waliitambua 2005.

Mji wa Solo, hukohuko Java, una makumbusho ya keris, Museum Keris Nusantara, yalifunguliwa 2017. Ukibahatika kufika sogea karibu na kioo uziangalie taratibu, utaona hata nyingine zimenyooka tu kabisa, na zile za kupinda mapindo yake huwa witiri, 3, 5, 7 na kuendelea.