Mashine imesoma P0171, haya sasa unafunga nini?

Siku hizi mteja anakuja gereji na simu mkononi. Zamani alikuwa anakuja na mlio, "fundi inalia tiki tiki tiki nikipanda mlima", saivi anakuja na picha ya skrini, kanunua kale kadude ka bluetooth ka kusoma makosa ya gari, ka ELM327, kakachomeka chini ya usukani, kashusha app ya Torque au Car Scanner, imemtolea namba ya kosa, P0171, kaigugo, na Kariakoo keshapita. "Fundi mimi nimeshapima, ni oksijeni sensa, we funga tu." Kiboksi cha sensa anacho kwapani.

Mimi ni fundi umeme wa magari, nipo Tabata, na hivyo vidude sivipingi kabisa, hata mimi ninacho kimoja mbali na mashine kubwa. Ila kuna jambo moja linawala watu hela kila siku na ndo nataka nilieleze vizuri: ile namba haisemi spea ipi imekufa. Inasema kontroli boksi, yani kompyuta ya injini, imeona nini. Hivyo ni vitu viwili tofauti, na hapo katikati yake ndo kuna kazi ya fundi.

Tuchukue hiyo hiyo P0171. Maana yake mchanganyiko wa mafuta na upepo umekuwa mwepesi, upepo mwingi mafuta kidogo. Nani kagundua? Oksijeni sensa iliyoko kwenye ekzosi. Sasa mtu akigugo anakuta imetajwa oksijeni sensa anakimbilia kubadilisha, yani mtoa taarifa ndo anafukuzwa kazi. Mara nyingi sensa ni nzima, inasema kweli tupu, tatizo liko mbele huko kwenye upepo au kwenye mafuta.

Huyu wa kiboksi kwapani alikuwa na IST new model. Nikamwambia bosi subiri kwanza, hiyo sensa usiifungue, maana ukishaifungua dukani hawairudishi. Nikachomeka mashine, sikuangalia namba, hiyo nilishaijua, nikaenda kwenye data zinazotembea. Kuna kitu pale kinaitwa fyueli trimu, kiko cha muda mfupi na cha muda mrefu, kinakuonyesha kontroli boksi inaongeza au inapunguza mafuta kwa asilimia ngapi kutoka kwenye hesabu yake ya kawaida. Ikicheza kati ya -10 na +10 mimi sina shida nayo. Yake kwenye silensa, yani injini inawaka bila kukanyaga mafuta, ilikuwa +25 na ushee. Nikamwambia akanyage mafuta ashikilie kwenye mizunguko 2500 kwa dakika, ikashuka mpaka +6.

Hapo kwa fundi aliyezoea kusoma data kazi imeisha nusu. Kama trimu iko juu kwenye silensa afu inashuka ukikanyaga, kuna upepo wa wizi unaingia sehemu, kwa sababu kwenye silensa injini inavuta upepo kidogo kwa hiyo ule wa wizi unakuwa mwingi kwa uwiano, ukikanyaga upepo halali unakuwa mwingi na ule wa wizi hausikiki tena. Ingekuwa kinyume chake, silensa poa afu trimu inapanda ukikanyaga, ningeanza kuwaza pampu ya mafuta, filta, au sensa ya upepo kuwa chafu. Nikazima, nikaanza kubinyabinya hozi ya upepo inayotoka airclina kwenda kwenye throtoli, na upande wa chini, kwenye zile kunjo za mpira, imepasuka ufa kama urefu wa kidole. Kwa juu huoni kitu. Oksijeni sensa ikarudi kwenye kiboksi chake, nadhani mpaka leo anayo.

Mfano mwingine naupenda sana kufundishia vijana. Gari imeleta P0118, hiyo ni sensa ya joto la maji ya injini. Ukifungua data unakuta maji yako nyuzi -40. Hapa Dar! Mchana wa jua la Januari! Kijana asiyefikiri anasema mashine mbovu, lakini mashine haina kosa, ile sensa ni kipingamizi kinachopungua ukali kadiri joto linavyopanda, sasa waya ukikatika popote kipingamizi kinakuwa kama hakina mwisho na kontroli boksi inatafsiri kwamba kuna baridi kali kuliko zote inazoweza kusoma. Kwa hiyo -40 ni lugha ya kusema "sioni sensa". Ndo unachomoa soketi, unachukua kipande cha waya unaunganisha zile pini mbili za upande wa wayaringi, afu unaangalia skrini. Ikiruka kwenda 140 au zaidi basi nyaya na boksi viko sawa, sensa ndo imekufa, kanunue. Ikibaki kwenye -40, usinunue kitu, fuata waya taratibu mpaka ulipokatika. Ni kawaya tu na akili, mashine yenyewe imekupa sehemu ya kuanzia basi.

Nikitoka hapo, kuna kundi la wateja wanakasirika kwamba kadude kao hakasomi kitu. Soketi ya pini 16 ipo, inaingia vizuri, taa inawaka, simu inazunguka tu. Hii ni kwa zile gari zetu za Japani za miaka ya tisini mwishoni na elfu mbili mwanzoni. Marekani walilazimisha OBD2, ile lugha moja ya kusomea makosa ambayo kadude kanaijua, kwenye gari zote ndogo kuanzia modeli za 1996, Ulaya zikafuata za petroli mwaka 2001, lakini gari iliyotengenezwa kuuzwa ndani ya Japani haikubanwa na sheria hizo, kwa hiyo soketi ni ileile lugha ni nyingine. Kwa Toyota za hivyo mara nyingi naunganisha pini namba 4 na 13 kwa waya, nawasha swichi bila kupiga stata, afu nahesabu taa ya cheki injini inavyokonyeza. Mbili, inapumzika, mbili: hiyo ni 22, sensa ya joto la maji tena. (Angalizo, usibahatishe pini, ya 16 ina umeme wa betri moja kwa moja.)

Hesabu hiyo ya taa kanifundisha mzee wangu wa kazi, fundi wa enzi za kabureta na platini, mtu wa kuseti silensa kwa bisibisi na sikio na ikakaa. Watu wanadhani mashine imewaondoa wazee kama hawa. Kwa ninavyoona mimi wanaoumia zaidi ni vijana walioanza na mashine moja kwa moja, ukimwambia apime kama sensa inapata volti 5 anatafuta hiyo menyu kwenye skrini, mita anayo kwenye boksi na plastiki haijatolewa. Mzee skrini haimpi raha, herufi ndogo, ila nikimsomea namba anasikiliza injini sekunde mbili anasema "angalia silinda ya tatu, nozeli hiyo", na mimi nakwenda kupima hapo. Shikamoo zake.

Sasa hela ya kupima. Wengi wanaona ni wizi, "umechomeka tu dakika mbili". Kuchomeka ni dakika mbili kweli, hata wewe nyumbani unachomeka. Unachonilipa ni ile saa nzima ya kufuata waya chini ya dashibodi, na hozi ya IST ambayo bila hiyo ungefunga sensa mpya na taa ingewaka tena Ijumaa.

Na kama unacho kadude, endelea kukatumia, ila usifute namba kabla hujafika kwa fundi! Kosa likiingia, kontroli boksi inahifadhi pamoja nalo hali ya gari kwa wakati ule, spidi, mizunguko ya injini, joto la maji, mzigo. Kwangu hiyo ni dhahabu, maana najua kama ilitokea foleni ya Buguruni au ukiwa 100 barabara ya Morogoro. Ukibonyeza kufuta vyote vinaondoka, na ukichomoa terminali ya betri ndo kabisa, kwenye gari nyingi hata silensa inaanza kujifunza upya. Piga picha kurasa zote, nitumie WhatsApp kabla hujaja, afu kachomoe hako kadude gari ikilala, maana vingine vinanyonya betri usiku kucha.