Mgongo hulipa deni la nyonga: dhana potofu kuhusu mwili wa mchezaji gofu

Mtu wa Dodoma anayetaka raundi ya mashindano mara nyingi husafiri. Ijumaa jioni anatoka ofisini Mtumba, anapanda treni ya SGR iliyoanza kufika jijini mwaka 2024, na kesho yake asubuhi yuko Morogoro au Dar es Salaam anapiga mpira wa kwanza. Siku tano za kiti cha ofisi, saa kadhaa za kiti cha treni, kisha mapigo zaidi ya mia ukihesabu na yale ya kujipasha. Jumatatu kiuno kinauma, na lawama zinaangukia fimbo, godoro au umri. Mengi yanayosemwa kuhusu maumivu hayo ni ya kurithiana tu.

"Gofu ni matembezi, haihitaji mazoezi"

Matembezi yapo: mashimo 18 kwa miguu ni kilomita 8 hadi 10, saa nne au zaidi juani. Lakini mzigo mkubwa uko kwenye swingi, yaani ule mzunguko wa mwili na fimbo unapopiga mpira. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 1990 vilionyesha kuwa pingili za kiuno hubanwa kwa nguvu inayokaribia mara nane ya uzito wa mwili katika pigo moja. Kwa mtu wa kilo 75 hiyo ni sawa na kubebeshwa kilo 600, ingawa kwa muda usiofika hata nusu sekunde. Mwili usioandaliwa unaweza kuvumilia hilo mara kumi. Mara mia ni habari nyingine.

"Kubeba chuma kunakaza mwili"

Gary Player wa Afrika Kusini aliambiwa hivyo enzi zake, akaendelea kunyanyua, akashinda mashindano makubwa tisa. Mmarekani Bryson DeChambeau aliongeza uzito na misuli kwa makusudi, akachukua US Open ya mwaka 2020. Kinachokaza mwili ni kunyanyua nusunusu: kuchuchumaa robo, kusukuma kifua tu, kusahau mgongo na miguu. Chuma kinachoshushwa taratibu hadi mwisho wa mwendo wa kiungo huongeza nguvu na unyumbufu kwa pamoja.

Wala huhitaji gimu. Ndoo ya lita 20 ikijaa maji ina kilo 20 na ushee. Tyubu ya ndani ya baiskeli iliyokatwa na kufungwa kwenye nguzo inatosha kwa mazoezi ya kuvuta. Chupa ya lita moja na nusu iliyojazwa mchanga mkavu inakaribia kilo mbili na nusu. Siku mbili kwa wiki, zikipishana kwa saa 48 angalau: kuinua ndoo kutoka chini kwa kukunja nyonga huku mgongo ukibaki umenyooka, kuchuchumaa mguu mmoja mbele mmoja nyuma, kuvuta tyubu kuelekea mbavuni, na kujishikilia ubavu juu ya kiwiko kwa sekunde 20 hadi 30. Seti tatu za mara nane, na mara mbili za mwisho ziwe ngumu kweli. Ukimaliza huku unapiga soga, ongeza maji kwenye ndoo.

"Kiuno kikiuma, ugonjwa uko kiunoni"

Hapa ndipo watu wanapoteza pesa nyingi zaidi. Pingili za kiuno zimeumbwa kukunja na kunyoosha; kuzunguka huzunguka kidogo sana, digrii chache kila moja. Mzunguko wa swingi unatakiwa utoke sehemu mbili: nyonga kwa chini na mgongo wa juu, nyuma ya kifua. Vyote viwili hukauka kwa kukaa. Nyonga ikigoma, kiuno kinalazimishwa kufanya kazi isiyo yake. Kwa hiyo unaweza kuchua kiuno mwaka mzima na kisipone, kwa kuwa aliyekopa hajaguswa.

Jipime. Kaa ukingoni mwa meza, magoti yamekunjwa digrii 90. Bila kuinua paja, peleka unyayo wa kushoto kwa nje, upande wa kushoto, kadiri uwezavyo, kisha fanya hivyohivyo kwa wa kulia. Anayepiga kwa mkono wa kulia humalizia swingi akizunguka juu ya nyonga ya kushoto. Ikiwa mguu huo unaishia mapema kuliko mwenzake, au hauvuki digrii 30, umempata mshukiwa wa kwanza. Halafu kaa kwenye stuli, minya mto katikati ya magoti, laza fimbo mabegani mbele ya kifua na ugeuke kila upande. Fimbo inatakiwa izunguke kama digrii 45 bila makalio kuhama.

Dawa yake ni dakika kumi kila siku. Kwa nyonga: kaa sakafuni, mguu mmoja umekunjwa mbele na mwingine ubavuni, magoti yote digrii 90, inamia mguu wa mbele sekunde 30, kisha geuza magoti upande wa pili, mara sita. Kwa mgongo wa juu: lala ubavu, magoti yamekunjwa na kugandamana, fungua mkono wa juu kama unayefungua dirisha hadi kifua kitazame dari, mara kumi kila upande. Mabadiliko huanza kuonekana baada ya wiki nne hadi sita. Wakati unasubiri, geuza unyayo wa kushoto nje digrii 20 hadi 30 unaposimama kupiga. Nyonga inapata nafasi na kiuno kinapumua. Wapo wanaodharau jambo hili kwa kuwa halina bei.

"Picha imeonyesha diski imetokeza, gofu basi"

Uchambuzi wa picha za watu wasio na maumivu yoyote, uliochapishwa mwaka 2015, ulikuta diski (mito laini iliyo kati ya pingili) zilizotokeza kwa takriban asilimia 30 ya wenye miaka 20 na asilimia 60 ya wenye miaka 50. Picha peke yake haihukumu. Tiger Woods aliunganishwa pingili za kiuno mwaka 2017 na akashinda Masters 2019, ingawa huyo si kipimo cha kila mtu.

Kuna dalili zisizosubiri mazoezi wala dawa ya kuchua: ganzi katikati ya mapaja, mkojo kugoma au kutoka wenyewe, unyayo kuburuta. Hizo ni za hospitali siku hiyohiyo. Maumivu yanayozidi usiku pamoja na homa, jasho na kukonda yapimwe pia, maana kifua kikuu cha uti wa mgongo kipo nchini na hakijali kama unacheza gofu.

"Kiwiko ni cha kupumzisha tu, au cha kuchuliwa kwa nguvu"

Anayepiga kwa kulia huumia zaidi upande wa ndani wa kiwiko cha kulia au upande wa nje wa kiwiko cha kushoto. Kilichochoka ni kano, na kano hujengeka kwa kubebeshwa mzigo uliopimwa. Ukipumzika miezi miwili maumivu yanatulia, kano inabaki dhaifu, na ndoo ya kwanza ya mipira inakurudisha mwanzo.

Laza mkono mezani, kiganja kikining'inia ukingoni. Kwa maumivu ya ndani kiganja kitazame juu. Kwa ya nje kitazame chini. Shika chupa ya mchanga (ikizidi nguvu, ipunguze) na uishikilie bila kusogea sekunde 30 hadi 45, mara tano, kila siku kwa wiki mbili. Baada ya hapo isaidie kupanda kwa mkono wa pili na uishushe mwenyewe kwa sekunde nne, seti tatu za mara 12, siku moja ndiyo, moja hapana. Maumivu ya 3 kati ya 10 yanaruhusiwa, mradi kesho yake asubuhi yawe yameshuka. Hesabu wiki 8 hadi 12. Wanaoacha wiki ya tatu ndio wanaosema mazoezi hayafanyi kazi.

Sindano ya steroidi hupoza haraka, lakini kwa kiwiko cha nje waliochomwa wamekutwa na matokeo mabaya zaidi mwaka mmoja baadaye kuliko wasiochomwa. Kuchua kwa nguvu jeraha bichi lililovimba, ndani ya siku mbili za kwanza, kunaongeza kuvuja damu ndani. Funga bandeji, inua, sogeza taratibu. Kagua pia gripu za fimbo: iliyolainika kwa kuchakaa inakufanya uminye kupita kiasi, na kiwiko ndicho kinacholipa.

"Eksirei haina kitu, basi hakuna mfupa uliovunjika"

Fimbo ikigonga ardhi ngumu, mwisho wake unagandamiza kiganja cha kushoto chini ya kidole kidogo. Hapo pana kimfupa chenye umbo la ndoano, na eksirei ya kawaida ya mbele na ubavu mara nyingi haikioni. Maumivu yakibaki pale ukibonyeza, na mshiko ukiwa dhaifu, omba picha ya kiganja kilichokunjwa nyuma au siti skani. Kikikaa bila kugunduliwa kinaweza kukata kano za vidole.

"Meza diklofenaki kabla ya kuanza"

Hewa ya Dodoma ni kavu na ina upepo. Jasho hukauka kabla hujaliona, unadhani hujapoteza maji. Diklofenaki au ibuprofeni hupunguza damu inayopelekwa kwenye figo, na mwili uliokauka unaitegemea damu hiyo zaidi. Tena dawa inaficha ishara ambayo ingekuambia uishie shimo la tisa. Jipime uzito kabla na baada ya raundi: mtu wa kilo 75 akipungua kilo moja na nusu, alikunywa kidogo mno. Mililita 200 kila dakika 20 ni mwanzo mzuri.

Kujinyoosha kwa kuganda dakika nzima kabla ya kupiga nako hupunguza kasi ya fimbo kwa muda. Tumia dakika nane kutembea haraka, kuzungusha mikono, kubembea miguu na kupiga swingi za hewa kutoka polepole hadi kasi.

Baada ya jeraha, rudi kwa ngazi: wiki ya kwanza pati na chipu (mapigo mafupi ya karibu na shimo), ya pili nusu swingi kwa fimbo fupi, mipira 20, siku moja ndiyo, moja hapana, ya tatu ayani ya 7 (fimbo ya chuma ya urefu wa kati) kwa swingi kamili, draiva, fimbo ndefu kuliko zote, mwisho. Kiuno au kiwiko kikilalamika kesho yake, shuka ngazi moja kwa siku tatu. Na kama unafanyia mazoezi ardhi ya hapa kuanzia Juni hadi Novemba, mvua haijaja na udongo umekuwa kama sementi, weka mpira juu ya tii, kile kijiti cha kuinulia mpira, hata kwa ayani.