Fundi, jicho likiwa jekundu usikimbilie matone ya dukani

Mafundi wa Gerezani, Keko, Buguruni na kwingineko Dar, leo tuongee kuhusu konea, kile kioo cha mbele kabisa ya jicho ambacho hakina rangi kwa hiyo wengi hawajui hata kama kipo. Katikati unene wake ni kama nusu milimita tu lakini ndo kinachofanya karibu theluthi mbili ya kazi ya kupinda mwanga ili uone vizuri. Mishipa ya damu hakina, oksijeni kinapata hewani kupitia machozi, ila mishipa ya fahamu imejaa kweli kweli, ndo maana kachembe ka chuma cha grenda kanakukosesha usingizi usiku kucha.

Tunachokiona sana kliniki ya macho ni hiki: mtu kachomelea geti mchana bila kinga (na miwani ya jua ya Kariakoo siyo kinga jamani), jioni yuko poa, usiku wa manane macho yanawaka kama yametiwa mchanga. Ule mwanga umeunguza ngozi ya juu ya konea, maumivu huchelewa masaa 6 mpaka 12, na mara nyingi inapona yenyewe siku moja au mbili.

Balaa linaanza dukani. Anapewa matone yenye deksamethasoni (dawa kali ya kutuliza wekundu na uvimbe), wekundu unaisha, anamshukuru muuzaji, kumbe palikuwa na mchubuko na fangasi au bakteria washaingia, ile dawa inashusha kinga ya jicho na kidonda kinaendelea kula. Wengine wanatembea na matone ya ganzi mfukoni, hayo maumivu yanakata kweli ila ukiyarudia rudia konea haifungi kidonda. Akifika kwetu ana doa jeupe katikati ya jicho, na kovu la hivyo halifutwi na matone, inabaki kupandikiza konea ya mtu aliyefariki. Kupandikiza konea daktari wa macho Eduard Zirm alikufanikisha tangu 1905, lakini konea zenyewe kuzipata ni kazi.

Kupima wala hakuumi: tunagusisha rangi kidogo, tunawasha taa ya bluu, penye mchubuko panang'aa kijani. Kwa hiyo mwenzako asikuchokonoe na sindano, na maziwa ya mama yaacheni kwa mtoto. Saruji au chokaa ikiruka machoni osha hapo hapo na maji safi mengi angalau dakika 15 hadi 30 ndo upande bodaboda. Doa jeupe, ukungu, au maumivu yaliyozidi siku moja, njoo siku hiyo hiyo, na chupa ya matone uliyotumia uje nayo tusome kilichomo.