Seladoni: Rangi ya Vyombo vya China Yenye Jina la Kifaransa

Anayekiona kijani kilichopauka, chenye kuelekea ujivujivu, katika vyombo vya kale vya China hudhani kwa urahisi kwamba jina la rangi hiyo, seladoni, nalo limetoka China. Sivyo. Wachina huviita vyombo hivyo qingci, na walikuwa wakivichoma kwa karne nyingi kabla ya Mfaransa Honoré d'Urfé kuanza, mwaka 1607, kuchapisha riwaya yake ndefu mno, L'Astrée. Humo yumo Céladon, mchungaji aliyekataliwa na mpenzi wake hata akajitosa mtoni, ambaye alihusishwa na riboni za kijani hafifu. Riwaya ilipendwa, riboni zikawa mtindo, na jina la mchungaji likahamia kwenye rangi, kisha kwenye vyombo vya Mashariki. Wapo wanaolipeleka jina hilo kwa Sultani Salah ad-Din, ambaye inasimuliwa alimtunukia Nur ad-Din, mtawala wa Shamu, vyombo vya aina hii mwaka 1171; hoja yao kubwa ni mfanano wa sauti, nao hautoshi.

Dhana nyingine ni kwamba kijani hicho kinatokana na shaba, au na jade, jiwe la thamani la kijani, lililosagwa. Hii ya jade ina udhuru, kwa sababu wafinyanzi wa Longquan, katika jimbo la Zhejiang, walikusudia hasa kuuiga mng'ao wa jiwe hilo. Lakini siri yao ilikuwa chuma: oksidi yake kidogo tu, yapata asilimia 1 hadi 3, huchanganywa katika rojo la kupaka chombo, kisha tanuru huchochewa hadi kupita nyuzi joto 1200 huku likinyimwa hewa. Hewa ikiingia kwa wingi, rojo lilelile hutoa manjano au hudhurungi.

Kwamba sahani ya seladoni hupasuka ikiguswa na sumu ni uvumi mtupu, ingawa bila shaka uliwafaa wauzaji.

Katika pwani yetu, vipande vilivyofukuliwa Gede na Kilwa Kisiwani huwafanya wengine waseme vililetwa na merikebu za Zheng He, amiri wa China. Merikebu hizo zilifika Afrika Mashariki mnamo miaka ya 1410, ilhali seladoni ilikwisha kutangulia, ikipita mikononi mwa wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi.