Hans Reck na mifupa iliyowasumbua wanajiolojia miaka ishirini

Mgeni anayefika Korongo la Olduvai huuliza kwanza habari za akina Leakey, familia ya watafiti wa mabaki ya binadamu wa kale, na hatumlaumu. Ila namba za matabaka anazosikia pale, kuanzia Tabaka la Kwanza chini kabisa na kupanda juu, mwanzo wake ni kwa Mjerumani aliyefika mwaka 1913, Louis Leakey akiwa bado mtoto wa miaka kumi.

Hans Reck alizaliwa Würzburg mwaka 1886, na katika jiolojia alikuwa hasa mtu wa volkano. Mwaka 1908 alikwenda Aisilandi na Ina von Grumbkow, ambaye mchumba wake, mwanajiolojia Walther von Knebel, alikuwa amepotelea kwenye volkano ya Askja mwaka uliotangulia. Hawakumpata. Mwaka 1912 Reck na Ina walioana, kisha wakaja Tendaguru, Lindi, ambako Reck alisimamia msimu wa mwisho wa uchimbaji wa mifupa ya dinosaria.

Kazi ya Tendaguru ilikuwa imeanza 1909 chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig, na msimamizi wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani. Tani zipatazo 250 za visukuku na mawe yake zilisafirishwa hadi bandari ya Lindi kwa vichwa na mabega ya wapagazi, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu. Yule dinosaria mrefu wa makumbusho ya Berlin, mwenye kimo cha zaidi ya mita 13, alitoka huko. Wajerumani wameandikiwa vitabu. Wapagazi wengi hata majina yao hatuna.

Olduvai Reck alitumwa kwa sababu daktari mmoja wa Munich, Wilhelm Kattwinkel, alipita hapo mwaka 1911 na kurudi Ulaya na mifupa ya farasi wa kale mwenye vidole vitatu kila mguu. Reck alikusanya visukuku vingi vya wanyama, akiwemo tembo wa kale ambaye hadi leo jina lake la kisayansi, recki, linatokana naye. Mwishoni mwa 1913 mfanyakazi wake mmoja akaona mfupa umechomoza kwenye mteremko. Ukafuatiliwa, na ikaonekana mifupa ya mtu mzima aliyelala amejikunja, imeshikwa na udongo mgumu kiasi kwamba ilibidi itolewe kwa nyundo na patasi.

Hapo ndipo penye somo la jiolojia. Mifupa ilikuwa ndani ya Tabaka la Pili, pamoja na mabaki ya wanyama waliokwisha kutoweka duniani. Kanuni ni kwamba kilichozikwa na tabaka wakati likijijenga kina umri wa tabaka hilo. Lakini binadamu huzika wafu wao, na kaburi hushuka kutoka ardhi ya juu hadi ndani ya udongo ulio mkongwe kuliko maiti mwenyewe. Reck alilijua hilo vizuri. Alitafuta mipaka ya shimo, hakuiona, akatangaza kwamba mtu huyu ni wa kale sana. Wengi Ulaya hawakukubali, na vita ya 1914 ikazuia ukaguzi.

Mwaka 1931 Reck alirudi korongoni pamoja na Louis Leakey. Reck alishikilia kwamba hapana zana za mawe. Alikuwa amezitafuta za gumegume, aina ya jiwe gumu, kama za Ulaya, kumbe za Olduvai zilichongwa kwa mawe ya volkano na mengineyo ya hapohapo. Waliwekeana dau la pauni 10 na Leakey akalishinda mapema. Kuhusu mifupa, hata hivyo, ni Leakey aliyegeuka na kumuunga mkono Reck.

Jibu lilitoka Munich, ambako mifupa ilikuwa imehifadhiwa, kwenye udongo uliokuwa bado umeizunguka mifupa. Mwanajiolojia Mwingereza P.G.H. Boswell alipopelekewa sampuli aliona ndani yake vijiwe vyekundu vya Tabaka la Tatu pamoja na vipande vya chokaa ya tabaka la juu zaidi. Vitu hivyo haviwezi kuwemo katika Tabaka la Pili lisiloguswa. Lilikuwa kaburi, lililochimbwa baada ya mmomonyoko kuondoa matabaka ya juu mahali hapo na kuliacha la Pili wazi. Mwaka 1933 taarifa ya kusahihisha ilichapishwa katika jarida la Nature, na Reck ni miongoni mwa walioitia saini. Kwa maoni yangu, saini hiyo ina uzito kuliko tembo wake.

Aliendelea na volkano, akahariri kazi kubwa juu ya mlipuko wa Santorini wa 1925 hadi 1928, na akafariki Lourenço Marques, Maputo ya leo, mwaka 1937.

Kwa hiyo ukikuta mfupa umechomoza korongoni au kwenye mfereji shambani, usiung'oe wala kuusafisha. Piga picha pamoja na udongo ulio juu na chini yake, weka alama mahali, kisha toa taarifa kwa serikali ya kijiji au ofisi ya mambo ya kale. Ukishakung'utwa ule udongo, hakuna tena cha kumpelekea Boswell.