Ishara kwenye stori ya kukua: kopo la kufulia maji

Watu wanachanganya sana ishara na taswira na mi siwalaumu, shuleni tulifundishwa mbiombio. Taswira ni ile picha inayokujia kichwani ukisoma, unaliona tanga, unaisikia harufu ya pwani maji yakitoka. Ishara ni kitu cha kawaida kabisa ndani ya hadithi, cha kushikika, ila kimebeba na jambo jingine lisilosemwa. Hilo lisilosemwa ndo penyewe, mwandishi akishakwambia "kopo hili ni utoto wake" ishara imekufa papo hapo.

Chukua hii naitunga sasa hivi. Kijana wa miaka 13 wa Lamu, siku ya mashindano ya mashua wakati wa Maulidi, anataka kupanda ule ubao unaotolewa nje upande wa joshi, kule upepo unakotokea, watu wanaukalia kwa uzito wao ili chombo kisilale. Mjomba wake anamtazama mara moja tu. "Wewe mwepesi mwanangu, shika kopo ufue maji." Kopo lenyewe ni galoni ya mafuta ya kupikia iliyokatwa mdomo. Basi kijana yuko chini kwenye maji machafu, anafua, yaani anayachota na kuyamwaga nje ya mashua, na wenzake wako ukutani pale forodhani wanamcheka.

Mwaka wa pili kapanda ubao. Tanga limejaa, wenziwe wanapiga kelele za furaha, yeye akigeuka anaona maji yashapita vifundo vya yule mtoto mpya aliyepewa kopo, anafua huku analia. Anashuka. Chombo kinaanza kulala, mjomba anamfokea mpaka sauti inakauka, na yeye hajibu, anapokea kopo anafua.

Kopo ni lile lile, hata rangi halijabadilika. Kilichobadilika ni anayelishika, mwanzo kalishika kwa kuambiwa na mwisho kalifuata mwenyewe, ndo maana swali la ishara na swali la mhusika huwezi kuyajibu mbalimbali. Anayeandika "kopo ni ishara ya utu uzima" akaweka nukta amekosa nusu, kwa sababu mwanzoni lilikuwa udogo na aibu. Na ona pia kukua kwake kumewaponza kwenye mashindano, sio kila anayekua anapigiwa makofi.

Kijana huyu ndo tunamwita mhusika duara, anageuka na ana zaidi ya upande mmoja. Mjomba ni bapa, anaanza anafoka anamaliza anafoka, na bapa sio tusi, lazima awepo mtu asiyesogea ili tuone mwenzake kasogea.

Kuna ugonjwa mmoja lakini. Mji wa kale wa Lamu uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, basi kila mgeni akiandika stori anatubandikia mlango wa kuchonga na mtoto amesimama kizingitini, eti anaingia utu uzimani. Kwa mtoto wa hapa ule ni mlango tu, mzito, na akiubamiza anagombwa na bibi. Kitu hakiwi ishara kwa uzuri wake. Angalia kama kinarudi, na kikirudi kama mtu anakishika tofauti. Nikipitisha punda mara moja kwenye stori yangu usianze kumtafutia maana, huyo ni punda, Lamu wamejaa.